Mashine Imejaa

Lile boksi la bati lililokuwa jeupe likageuka njano, ambalo Dar es Salaam nzima inaliita CPU ingawa CPU yenyewe ni kidude cha kutosha kiganjani kilichofichwa ndani, linakumbukwa kwa tabia moja kuliko kasi yake au mvumo wa feni yake: lilikuwa linajaa. Aliyetumia kompyuta ya nyumbani Sinza, Manzese, Tandika au Mbagala kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwaka 2010 hivi anaijua kauli ya "mashine imejaa", na anajua tiba zake: kufuta, kuhamisha, kuchoma kwenye CD, na ikishindikana kabisa kumwita fundi apige Windows upya. Leo kauli hiyo inatajwa kwa tabasamu. Husemwa kwamba zama zile watu walikuwa na nidhamu, walijua walichonacho na hawakulimbikiza takataka. Tabasamu hilo nalielewa, ila historia iliyo nyuma yake siikubali. Uhaba ule haukuwa utoto wa teknolojia ambao kila jamii iliupitia ikaumaliza kwa zamu yake. Ulikuwa uhaba wa wakati: mashine ya mwaka mmoja ilitwishwa mizigo ya mwaka mwingine, na pengo la katikati lilitokana na maamuzi ya watu, kuanzia Hazina mpaka kwenye kontena la mitumba.

Tuanzie mbali kidogo. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Kwa hiyo hatukuanza nyuma, na hilo husahauliwa upesi. Kilichotuchelewesha ni kilichofuata. Mpango wa kuzihamishia hesabu za serikali kwenye mashine ulikwenda kombo. Fedha za kigeni zikatumika, wataalamu wa ndani hawakutosha, na hesabu zikavurugika hadi ikabidi makarani warudie vitabu na kalamu. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Kwa kuutazama mwaka wenyewe, uamuzi ule haukuwa wa kichaa. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda karibu mara nne, mvua zilikosekana, chakula kikanunuliwa nje, na dola iliyokwenda kwenye mashine ilikuwa dola iliyokosekana kwenye mahindi. Tatizo ni kwamba njaa ilipita na katazo likabaki. Lililegea kidogo kidogo kwa vibali katika miaka ya 1980, zama za Mzee Rukhsa, na lilikuja kuisha kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katikati ya hapo ndipo kompyuta ilipohamia majumbani huko kwingine. Diski ngumu ya kwanza, ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na uzito unaozidi tani na ilibeba herufi milioni 5. Mwaka 1980 Seagate ikauza diski ya ujazo kama huo inayobebeka kwa mkono mmoja. Ilipofika katikati ya miaka ya 1990, diski ya GB 1 ilikuwa jambo la kawaida dukani. Ngazi yote hiyo ilipandwa na wengine sisi tukiwa nje ya mlango.

Hapa msomaji makini atauliza: hata bila katazo, nani wa Temeke angenunua kompyuta ya IBM mwaka 1981? Swali ni la haki, na jibu lake ni hakuna. Mshahara wa mfanyakazi wa kiwandani Chang'ombe usingefua dafu hata kwa kibodi. Lakini katazo halikumnyima mkazi wa Temeke kompyuta mpya, ambayo asingeipata kwa vyovyote. Lilimnyima kompyuta kuukuu. Penye mashine nyingi maofisini, mashine huzeeka zikashuka: kutoka kwa meneja kwenda kwa karani, kutoka kwa karani kwenda kwa mwanawe, kutoka kwa mwana kwenda kwa fundi wa mtaani anayezifungua kutoa vipuri. Zinaposhuka hushuka na ujuzi, kwa sababu yule karani tayari anajua kuiwasha na kuitunza. Kwetu ngazi hiyo ilikosa vidato vya katikati. Ofisi zilizokuwa na kompyuta kabla ya 1990 zilikuwa za kuhesabika, hivyo hapakuwa na kizazi cha mashine zilizochokea hapa hapa. Kompyuta ya kwanza kufika uswahilini ilibidi iwe imezeekea kwa watu wengine, nchi nyingine.

Jina la bidhaa kama hiyo lilikuwapo tayari. Shati, jokofu na gari la Japani vilikuwa vimeshaingia kwenye neno mtumba, na kompyuta ikafuata njia ileile ya kontena na bandari, hasa serikali ilipoondoa kodi na ushuru wa kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chukua Pentium III iliyotoka kiwandani mwaka 2000 na diski ya GB 10. Ofisi ya Ulaya iliitumia miaka minne au mitano kwa barua na mahesabu, na haikujaa. Mwaka 2005 imefika Dar es Salaam na kupigwa Windows XP, maana programu na vifaa vilivyokuwa sokoni vilishaanza kuitaka XP. Hesabu inaanza kuuma hapo. Kwanza, GB 10 za mwenye kiwanda ni 9.3 kwenye kioo, kwa kuwa yeye anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Mnunuzi wa mjini aliyezoea lumbesa, ambako anayepunjwa ni mkulima, safari hii alikuta kipimo kimemgeukia yeye. XP yenyewe ilitaka GB 1.5. Pipa la taka lilijitengea asilimia 10 ya diski bila kumwuliza mtu, na huduma ya kuurudisha mfumo nyuma iliruhusiwa kuchukua hadi asilimia 12. Ongeza faili la kuisaidia kumbukumbu, programu za ofisi na antivirusi, na karibu nusu ya diski inakwenda kabla mwenye mashine hajaandika neno. Sasa mletee filamu ya DVD, ambayo sahani yake moja hubeba GB 4.7. Yule Mzungu wa ofisini hakuwa na nidhamu kumzidi mtu wa Manzese. Alikuwa na mashine na mizigo ya mwaka mmoja.

Na kompyuta ya nyumbani mara nyingi haikuwa ya nyumbani hasa. Ilikaa chumba cha mbele, dirisha likageuzwa kaunta, ukutani pakaandikwa kwa rangi ya mafuta: tunachapa, tunatoa kopi, tunabaindi. Hiyo ndiyo steshenari. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,775,049 Kinondoni na 1,368,881 Temeke, kabla Ubungo na Kigamboni hazijamegwa, na umati huo wa wahamiaji na wapangaji uliishi kwa karatasi: barua ya kuomba kazi, mtihani wa tuisheni, kadi ya mchango wa harusi, katiba ya kikundi cha kukopeshana, mkataba wa kuuziana kiwanja wenye nafasi ya mhuri wa serikali ya mtaa. Kila mteja aliacha alama kwenye diski. Barua ya maneno 200 haifiki hata KB 2 ya herufi tupu. Programu ya kuandikia ikishaivalisha nguo zake inafika KB 20. Kwenye diski ya GB 2 iliyopangwa kwa mfumo wa zamani wa FAT16, kipande kidogo kuliko vyote kilichoweza kutolewa kwa faili kilikuwa KB 32. Ni ghala linalopangisha kwa gunia tu: uje na kibaba, uje na pishi, unalipia gunia. Kwa hiyo mashine ya steshenari haikuzibwa na vitu vikubwa peke yake. Ilizibwa pia na maelfu ya visenti, kwenye folda iliyoitwa New Folder, ndani yake New Folder nyingine, na ya tatu, maana asubuhi yenye foleni hakuna anayepata nafasi ya kubuni majina.

Majina yenyewe yalikuwa na mkasa wake. Zama za DOS faili lilipewa herufi nane, na Kiswahili, lugha inayopenda kuunganisha neno, hakikuwa na raha humo. "Michango" iliingia bila kubaki nafasi. "Mahudhurio" ilikatwa ikawa MAHUDHUR. Windows 95 ilipokuja na majina marefu, kwa ndani iliendelea kukata vilevile: "Mwaliko wa harusi" ukawa MWALIK~1.DOC, na harusi iliyofuata ikawa MWALIK~2.DOC. Sasa tazama kilichotokea faili kama hilo lilipofutwa. Kompyuta haikuyagusa maneno ya barua. Ilikwenda kwenye orodha ya majina, ikaing'oa herufi ya kwanza na kuweka alama mahali pake, kisha ikaandika kwamba nafasi ile ni huru. BARUA.DOC ikawa ?ARUA.DOC. Mkataba mzima wa kiwanja, na bei yake na majina ya mashahidi, ulibaki palepale umekatwa kichwa, ukingoja siku faili jingine litakapoangukia juu yake. Fundi mwenye programu ya kufufua aliuona kwenye orodha, na programu ikamwomba aitaje herufi iliyopotea. Hilo ni jambo la kushangaza ukilifikiria: neno kufuta, ambalo kwa ubao na chaki lina maana moja tu, humo lilimaanisha kusahau kwa makusudi mahali kitu kilipo. Mteja aliyelipa na kuondoka na karatasi yake hakulijua hilo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imekuja mwaka 2022. Siri za watu zilikuwa zimekaa kwenye mashine za chumba cha mbele miaka zaidi ya kumi.

Kwa kuwa diski ya ndani haikutosha, mtaa ukawa diski ya nje. Kipengele hiki ndicho tajiri kuliko vyote, na wanaosimulia historia ya kompyuta kwa kutaja mitambo tu wanakiruka. CD tupu ilibeba MB 700, yaani nyimbo zaidi ya 150 za MP3 kwa kiwango cha kawaida cha MB 1 kwa dakika, kwa hiyo mwenye kifaa cha kuchomea CD alikuwa na ghala lisilokwisha, na wenye nyumba walimpelekea mizigo yao. Laibrari za mikanda, zile zilizokodisha filamu pamoja na kanda zilizotafsiriwa kwa sauti ya kunogesha ya Lufufu, zilihamia kwenye VCD na DVD. Kibanda umiza kikaonyesha hizohizo. Baadaye, simu zilipoanza kuchukua memori kadi, vikatokea vibanda vya kuweka nyimbo, kompyuta moja na spika moja kubwa barabarani, ambako mtu alilipa ili ajaziwe kadi yake. Kilichouzwa pale ni uteuzi. Kijana wa kibanda alijua nini kiingie na nini kipunguzwe ili kadi itoshe, na mteja akiona zimechuja alirudi wiki ya pili afutiwe awekewe nyingine. Hakuna aliyehitaji kuwa na Bongo Fleva yote nyumbani ikiwa ipo kwa jirani. Wanaomiliki hakimiliki walilalamika, na kwa haki. Stempu za kodi ambazo TRA ilianza kubandika kwenye CD na DVD mwaka 2013 zilikusudiwa kuudhibiti mtiririko huu. Lakini kama mpangilio wa kuhifadhi vitu, ulikuwa na akili kuliko unavyodhaniwa. Kitu kimoja kilikaa sehemu kumi, na mashine moja ikifa mtaa haukupoteza wimbo.

Udhaifu wake ulikuja na flashi. Kifaa hicho kidogo kilipita kwenye mashine zote za mtaa kwa siku moja, na virusi vikapita nacho. Kilichowaliza wengi kilikuwa na ujanja rahisi: kiliyaficha mafaili yote na kuweka mahali pake njia za mkato za bandia. Mwenye flashi alifungua, akaona vialama vyenye mshale, akahesabu kuwa amepoteza ripoti yake ya chuo. Amri fupi ya attrib ingeyarudisha yote kwa sekunde, kwa kuwa hayakuwa yamekwenda kokote. Fundi asiyeijua alifanya aliloweza, yaani kuformati. Hapo ndipo ujuzi uliokosa vidato vya katikati ulipodai gharama yake, na gharama hiyo haikuwa ya vifaa.

Nirudi sasa kwa wanaosema uhaba ule ulitufundisha kuchagua. Ni kweli ulilazimisha uchaguzi. Swali ni nani alichagua na kwa kipimo gani. Serikali ina masijala, na tangu mwaka 2002 ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inayosema nyaraka zitunzwe vipi na ziharibiwe kwa utaratibu gani. Steshenari ya Mtoni haikuwa na masijala. Ilikuwa na kijana wa zamu na diski iliyobakiwa na MB 40. Kipimo chake kilikuwa kilekile cha duka lolote: kinacholeta mteja kinabaki, kilichokwisha kulipiwa kinaondoka. Nyimbo na filamu zilibaki kwa sababu kesho zingeuliziwa tena. Mkataba wa kiwanja, katiba ya kikundi, mtihani wa darasa la saba uliotungwa na mwalimu wa tuisheni vilitangulia, kwa kuwa vilishachapwa. Ukitaka leo kuandika jinsi Mbagala ilivyogawanywa kiwanja kwa kiwanja, au vikundi vya akina mama vilivyojiwekea kanuni zao, unatafuta hasa yale yaliyokuwa ya kwanza kufutwa. Mtu atajibu kwamba karatasi zipo makabatini. Zipo baadhi, nakala moja moja, chini ya mabati yanayovuja, katika jiji ambalo mafuriko ya Desemba 2011 yalisomba nyumba nzima za bonde la Msimbazi. Nakala ya kompyuta ndiyo ingekuwa ya akiba. Kwa hiyo siwezi kuita nidhamu uchaguzi ambao mwenye mali hakuulizwa.

Kinachostahili kukumbukwa kwa mapenzi, nadhani, ni kitu kidogo kuliko nidhamu. Diski ile ilionekana. Programu ya kupanga mafaili ilichora vijisanduku vya rangi vikihama kimoja kimoja kioo kizima, na familia ilikaa mbele ya monita ya chogo ikitazama vipande vya mafaili vikiunganishwa, huku ikiomba TANESCO wasikate. Mtu alijua kwa jina kilichojaza mashine yake. Mwenye simu leo anaambiwa nafasi imeisha, na nusu ya iliyoisha inaitwa "nyinginezo".

Maana kauli yenyewe imerudi. Mkongo wa SEACOM ulifika Julai 2009, EASSy ukafuata 2010, intaneti ikashuka bei, simu janja zikajaa, na steshenari ikabaki na kazi ya kuchapa tu. Wengi waliamini mambo ya kujaa yamekwisha. Lakini simu nyingi zinazoingia mitaani ni zilezile za kuchelewa: ama mtumba wa Dubai, ama mpya ya bei nafuu yenye GB 16 au 32, zikitwishwa programu zilizoundwa na watu wenye simu za GB 256. Kamati moja ya harusi kwenye WhatsApp, na video zake za vikao na salamu za asubuhi, inatosha kuibana simu kabla ndoa haijafungwa. Wapo watakaosema dawa ipo, vitu viwekwe mawinguni. Google inatoa GB 15 bure, na tangu Juni 2021 picha nazo zinahesabiwa humo; zaidi ya hapo ni kulipa kila mwezi, na kabla ya kulipa unahitaji bando la kupandishia na bando la kushushia. Kwa anayenunua bando la siku, ghala linalodai nauli kila ukitaka kuingia liko mbali kuliko kibanda cha nyimbo kilivyokuwa. Ndiyo maana anafuta. Picha za msiba wa mwaka juzi zinatangulia, kwa sababu za jana bado hazijaonwa na wote.

Na zile diski za GB 10 ziliishia kwenye mizani. Ganda la diski ngumu ni alumini, na alumini ina bei, hivyo mnunuzi wa vyuma chakavu huzipokea kwa kilo pamoja na sufuria zilizotoboka. Sumaku mbili zilizo ndani hutolewa, kwani watoto huzipenda. Sahani zake hung'aa kama kioo, na mtu anaweza kujitazama humo. Kilichoandikwa juu yake, kilichofutwa na kisichofutwa, kinakwenda nazo.